Kijiko cha Santos

Mimi ndiye niliyelitazama tawi la kahawa, miwani puani na cheti cha sekondari sandukuni, nikasema ni karafuu. Wala sikusema kwa kusitasita, jambo ambalo lingenipunguzia aibu. Nilisema kwa sauti ya mwalimu wa jiografia, kidole kimenyooka, na Khaloo Raya, mdogo wake mama yangu, akaniamini papo hapo, akaanza kufunga mizigo ya safari ambayo ingeweza kumtia jela. Kitu chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kucha, kimechorwa kwa rangi juu ya mpini wa kijiko. Siku hizi watu huniletea vijiko vyao nivitazame mihuri, huniita Mzee wa Vijiko, na mimi huitikia kwa unyenyekevu wa uongo. Hawajui kwamba utaalamu wangu ulianza kwa kosa ambalo mbuzi yeyote wa Kilimanjaro asingelifanya.

Khaloo Raya alifariki majira ya baridi yaliyopita. Baada ya arubaini, bintiye Muna alinijia na kopo la biskuti lililojaa vikorokoro vya mamake. Alinikuta nyumbani, kwa kuwa mimi hukutwa nyumbani. Atakaye kunikosa ana kazi. Muna kazaliwa hapa hapa Landani. Kiswahili anakisikia chote, hata cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza. Akafunua karatasi laini, akatoa kijiko kidogo cha kahawa. "Uncle, is this one real silver?" Nikamwambia, "Si fedha. Na usikiuze." Akasema, "So it's fake." Nikamwambia, "Si feki. Ni cha kweli kabisa, ila si fedha." Akanitazama vile vijana wanavyowatazama wazee wanaofaa kupelekwa kwa daktari. Basi nikamgeuzia kijiko, nikampa lenzi. Nyuma ya mpini pana neno PRATA, yaani fedha kwa Kireno, halafu tisini, halafu herufi mbili za fundi. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote: kijiko cha Kiingereza hupigwa simba, cha Ureno hupigwa ndege wa serikali, lakini huko Brazil serikali haikujisumbua, kila karakana ilijipigia muhuri wake, mnunuzi akabaki na Mungu wake. Ukiona 833, hiyo ni fedha ya kipimo cha zamani walichorithi kwa Wareno. 900 na 925 nazo ni fedha. Lakini tisini tupu, isiyo na sifuri ya pili, ni fedha iliyopakwa juu ya madini mengine. Na ukikuta neno alpaca, hapo fedha usiitarajie kabisa, hata ya kupaka. Tazama mgongo wa kijiko, pale kinapoilalia meza: fedha ikilika, manjano hutokeza. Muna akatazama, akayaona manjano. "So Dad gave her brass," akasema, akacheka, kisha akalia, na mimi nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia lenzi. Hakuwa amewahi kusimuliwa mwaka kijiko hicho kilipotufikia. Khaloo hakupenda kuusimulia, na mimi nilikuwa na sababu zangu.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Kilburn, nyumba ya mama mmoja wa Kiairishi, miaka michache baada ya Mapinduzi ya Unguja. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kirefu, kimegawanywa kwa pazia la maua. Upande wa dirisha alilala Khaloo na mumewe, Baba Sefu, anapokuwa nchi kavu. Upande wa mlango nililala mimi na jiko la mafuta ya taa, ambalo lilinipa joto magotini na baridi mgongoni. Kuta zilitoka jasho kuliko sisi. Khaloo alipiga pasi mashuka katika hoteli moja ya mjini, akirudi na harufu ya wanga na mvuke. Mimi nilikuwa nimekuja kusoma, lakini kwa macho ya wengi nilikuwa nimekuja kukaa. Nilipoionja baridi ya kwanza niliamua mimi nayo tusizoeane. Nikawa napika, nafagia, nasoma magazeti ya juzi yaliyofungiwa viazi, na jirani yetu wa chumba cha pili, Dada Perpetua, muuguzi kutoka Machame, akanibandika jina la Mwali. Alikuwa hapiti mlangoni petu bila kupaza sauti: "Hodi! Mwali hajatolewa bado? Toka nje uonekane, upate mchumba!" Nami hujibu kutoka ndani kwamba mchumba akinitaka ataijua njia. Nilikuwa na majibu mazuri sana siku zile, yote ya kutolea nyuma ya mlango.

Jiko la kupikia lilikuwa la wote, mwisho wa ukumbi, kila mpangaji na rafu yake. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, maana Khaloo alimpenda Perpetua na kumwogopa kwa moyo mmoja. Siku hizo kwetu sisi mtu wa bara alikuwa jirani na pia alikuwa serikali. Ilisemekana kwamba neno likitamkwa Kilburn asubuhi hufika ubalozini kabla chai haijapoa, na kutoka hapo huvuka bahari likamsubiri mtu bandarini. Nani alilithibitisha? Hakuna. Lakini hofu haidai ushahidi. Basi tukisikia viatu vya Perpetua ukumbini, hata tukiwa katikati ya jambo zito vipi, Khaloo hunibana mkono na kugeuza mazungumzo kwenye samli. Samli ya hapa haina harufu. Samli ya kwetu ilikuwa na chembechembe. Nadhani Perpetua aliamini kwamba watu wa Unguja, tukiondolewa samli, ni mabubu.

Na jambo zito lilikuwepo. Baba Sefu alikuwa fundi wa mashine melini, meli ya mizigo isiyo na njia maalumu, inayokwenda kokote inakoitwa. Kisiwani alikuwa ametoka kwa namna ambayo mtu harudi akabisha hodi mlango wa mbele. Kati ya waliotoka naye kisha wakarudi, wengine hawakuonekana tena. Lakini mamake alikuwa kitandani kule Ng'ambo ya Unguja mjini, na usiku wa mwisho kabla ya kuondoka nilimsikia nyuma ya pazia akisema, "Raya, meli inazunguka Afrika Kusini, itapandisha mpaka bandari za Msumbiji, ndiyo ivuke kwenda Amerika ya chini. Nikiwa pale karibu, hata kwa kutwa moja, nitamwendea mama." Khaloo akasema, "Watakukamata." Naye akasema, "Mama ni mmoja." Mimi nikajifanya nakoroma, vibaya.

Meli ikarudi bila yeye. Khaloo akaenda ofisini kwa wenye meli, huko bandarini, na mimi nikamsindikiza mpaka kituo cha basi, ambako ndiko kulikuwa mwisho wa ushujaa wangu. Karani alimwambia mumewe aliteremshwa njiani kwa ugonjwa. Bandari ipi? Karani alikuwa na simu sikioni na nyingine ikilia, akasema wataandika. Hawakuandika. Khaloo akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Chakula alikipakua, akakitazama, akakirudisha sufuriani kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine. Basi likisimama nje, tuliacha kutafuna. Hata mimi, ambaye hakuna msiba uliowahi kunikatisha hamu ya kula, nilijikuta nasikiliza ngazi huku tonge liko mdomoni.

Adhuhuri moja mama mwenye nyumba akapanda ngazi akihema, mkononi ana leso iliyofungwa fundo. Baharia mmoja alikuwa amekuja mlangoni, akataja Raya, akataja Sefu, akaongea mengi kwa haraka ambayo yeye hakuyaelewa hata kidogo, wenzake wakawa wanampigia kelele kutoka garini, akaondoka mbio. Leso tuliijua: Khaloo ndiye aliyeidarizi. Ndani mlikuwa na kijiko. Hakuna barua, hakuna hata alama ya kalamu. Khaloo akakigeuzageuza, kisha akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Soma," akasema.

Nikakipeleka dirishani. Juu ya mpini palikuwa na kidude cha rangi: nyota ya kijani na manjano, katikati yake duara la buluu, na matawi mawili yameikumbatia, moja lilikuwa na majani na vitu vidogo vyekundu. Chini yake utepe wenye maandishi madogo kama mayai ya chawa, ila rangi ilikuwa imebanduka na kilichobaki hakikusomeka. Nikageuza nyuma.

"PRATA. Hiki ni Kireno, Khaloo."

"Kireno cha wapi?"

"Cha Msumbiji."

Nilijibu kabla sijafikiri. Kwetu sisi Mreno alikuwa wa Msumbiji, basi. Darasani tulifundishwa alipita, akajenga ngome, akafukuzwa, akabaki kule kusini. Brazil niliijua kwa mpira tu, na sikuwahi kujiuliza wachezaji wake hutukanana kwa lugha gani. Khaloo akasogea, kidole chake chenye alama ya pasi kikagusa vile vyekundu.

"Na hivi?"

"Karafuu."

"Karafuu?"

"Tazama vitumba vilivyoiva, vyekundu. Matawi mawili, na duara. Karafuu, Khaloo."

Hatukuhitaji kuelezana zaidi. Bendera ya mwisho ya Sultani, ile iliyopepea muda mfupi tu kabla ya Mapinduzi, ilikuwa na karafuu mbili ndani ya duara la kijani. Mtu anayeogopa barua yake isifunguliwe njiani angetuma nini, kama si kitu ambacho wa kwao tu watakisoma?

"Kenda nyumbani," Khaloo akasema, taratibu, kama anayejisomea mwenyewe. "Kateremka Msumbiji, kenda kwa mamake. Una hakika, mwanangu? Wewe ndiye uliyesoma."

Hakuna aliyewahi kuniambia maneno hayo tangu nifike nchi hii. Hapa nilikuwa nimeambiwa nisogee, nifunge mlango, nirudi wiki ijayo. Nikanyoosha kidole, nikasafisha koo.

"Nina hakika."

Viatu vikasikika ukumbini. "Samli ya dukani," Khaloo akasema kwa sauti kubwa, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, "haina harufu kabisa!"

Kwa haki yangu niseme kwamba shaka ilinijia, ila ilichelewa kama basi. Ikanifanyia lililowashinda wote: ikanitoa nje. Nikaenda kwanza maktaba ya mtaa, nikaomba kitabu cha mihuri ya fedha, nikakaa nacho na kijiko mkononi huku mtunza vitabu akinitazama kama ndiye niliyekiiba. Kurasa zilijaa simba, nanga, vichwa vya chui na herufi za miaka, na kijiko changu hakikuwa na hata sharubu moja ya simba. Siku ya pili nikapanda treni ya chini ya ardhi mpaka mwisho wa reli, Stanmore, kwa Bwana Kanji, sonara ambaye zamani alikuwa na duka Mkunazini, kwetu Unguja, na sasa anakaa kwa bintiye. Sebule yao ilikuwa na pembea ya mbao iliyovuka bahari pamoja nao, na makochi ambayo hayajavuliwa plastiki, hivyo kila ukijigeuza unajisikia umefanya jambo la aibu. Nililishwa vitafunio vya unga wa dengu na chai ya tangawizi mpaka nikakaribia kusahau kilichonileta. Kisha mzee akavaa lenzi jichoni, akakwaruza kidogo mgongo wa kijiko, akadondosha dawa yake. Ikachemka kijani.

"Fedha ni nguo tu, mtoto. Ndani shaba."

"Lakini pameandikwa tisini!"

"Tisini ni hesabu ya fedha waliyopakia. Ingekuwa mia tisa, ningekuambia kaifungie benki. Umepanda treni yote hiyo kwa kijiko cha shaba?"

"Nataka kujua kinatoka wapi, Bwana Kanji. Kireno cha wapi?"

Akakizungusha kwenye mwanga. "Ureno si chake, ndege wa serikali hayupo. Vya Goa nimeviuza mimi, havikuwa hivi. Basi ni Msumbiji au Brazil."

"Na mmea huu?"

"Mimi niulize madini. Mmea muulize mkulima, bana."

Alinipa nchi mbili, na mimi nikashuka Kilburn nikiwa na moja. Njia nzima niliirudia Msumbiji, Msumbiji, na ile ya pili ikadondoka mahali fulani kabla ya Wembley. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa na lenzi jichoni: hofu ikipewa mambo mawili haichukui linaloelekea kuwa kweli, huchukua linalouma. Nilipomwambia Khaloo kwamba ni shaba, hakukasirika. Aliketi kitandani, akakiweka kijiko pajani. "Basi hata fedha ya kununulia fedha hakuwa nayo," akasema. "Hali yake mbaya kuliko nilivyodhani." Kesho yake akaaga kazini, akauza bangili zake, akakata tiketi ya ndege mpaka Dar es Salaam, akifika huko atajua namna ya kuvuka. Wazee wawili wa kwetu wakaja kumsihi, wakakaa kwenye ukingo wa kitanda changu na makoti yao. "Raya, usende. Wewe mke wa Sefu, watakupokea bandarini." Akawamiminia chai. "Wakinipokea, wataniweka alipo yeye." Wakaniangalia mimi, ambaye nimesoma, niseme neno. Neno lilikuwepo. Lilikuwa *labda*. Siku ya kwanza lilikuwa jepesi, ningeweza kulitamka huku nikimenya kitunguu; kila sanduku lilipozidi kujaa likazidi uzito, mpaka likawa kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukiinua. Nikawapa wageni biskuti.

Lakini mtu wa kwetu hasafiri bila kuomba radhi kwa majirani. Hata jirani unayemficha mambo. Tena huyo hasa, kwa sababu ndiye uliyemkosea zaidi bila mwenyewe kujua. Siku moja kabla ya safari Khaloo akapika kahawa, akaandaa visheti, akamwita Perpetua, ambaye alikuja moja kwa moja kutoka zamu, amevaa sare, akajitupa kwenye kiti pekee kilichobaki na kuvua viatu.

"Dada Perpetua," Khaloo akasema, amekaa wima kama yuko mbele ya kadhi, "tumekaa nyumba moja. Kama nimekukosea kwa neno, au kwa jicho, nakuomba radhi. Nasafiri."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani! Na mumeo akirudi atapikiwa na nani? Huyu Mwali?" Alicheka mpaka akaona hatucheki. "Haya, Bi Raya. Radhi nimekupa. Lakini sasa nani atanifundisha habari za samli?"

Mimi na Khaloo tukatazamana. Alikuwa anajua. Mwaka mzima alikuwa akipita ukumbini akijua.

Akainua kikombe, akapiga funda, uso ukajikunja wote. "Jamani! Hiki ni kinywaji au ni dawa ya minyoo? Nipeni sukari." Sukari ilikuwepo, kijiko hakikuwepo. Vijiko vyote vilikuwa sandukuni, chini ya mashuka, kamba imekwisha kukazwa, na sisi kahawa hatukorogi, tunainywa chungu na utamu tunautafuna pembeni. Perpetua akaanza kutafuta kwa macho kalamu ya kukorogea. Khaloo akasita. Kisha akaingiza mkono kifuani, akafungua fundo la kanga ambamo kile kijiko kilikuwa kikikaa kama hirizi, akampa. "Koroga na hiki. Lakini unirudishie."

Perpetua akakoroga, akakilamba, akakigeuza. "Kumbe mna kijiko cha buni."

"Cha nini?" Khaloo akauliza.

"Buni. Hii kahawa hapa ikiwa mtini. Mmekipata wapi?"

"Hiyo ni karafuu," nikasema. Sauti ya mwalimu ilitoka, lakini ilitoka nyembamba.

"Nani kakwambia?"

"Mimi."

"Wewe Mwali umewahi kuchuma karafuu?"

Sikuwahi. Nilikuwa mtoto wa mjini. Karafuu nilizijua zikiwa zimekauka, ndani ya gunia, na nyingine ndani ya pilau. "Mimi nimechuma buni tangu najua kutembea," Perpetua akaendelea, "na baba yangu alikuwa ananichapa nikiacha hata moja. Tazama. Matunda yameng'ang'ania tawi lenyewe, fungu kwa fungu, kila penye jani. Bi Raya, karafuu ndivyo inavyokaa?"

Khaloo akakichukua kijiko. Alikitazama muda mrefu, na mimi nikautazama mkono wake. Yeye alikuwa amekulia shamba, kwa bibi yake, kijiji cha Kizimbani. "Hapana," akasema hatimaye. "Karafuu hukaa nchani. Hukaa juu kabisa ya kijitawi, kama vidole." Akainua macho kwangu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Hilo nalijua tangu utoto wangu. Sikutazama, mwanangu. Nilikusikiliza wewe."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, hata yeye: akamwambia Perpetua yote. Meli, mama mgonjwa, bendera, leso, jela. Mimi niliwahi hata kusema "samli" katikati, kwa mazoea, akaniambia ninyamaze. Perpetua alisikiliza huku akivaa viatu vyake upya, mmoja baada ya mwingine. "Wareno wenye kahawa," akasema, "ni Angola, na ni Brazil. Brazil ndiyo inayotuangushia bei. Baba huitukana kabla ya kusali." Hapo ile nchi iliyodondoka karibu na Wembley ikanirudia. Nikatoka bila koti, nikakimbia mpaka maktaba. Majirani walisimama kunitazama kama wameona fanicha inakatiza barabara. Kwenye kitabu kikubwa cha mataifa, chini ya Brazil, nikaikuta: nyota ya kijani na manjano, duara la buluu, tawi la kahawa upande mmoja, la tumbaku upande wa pili. Karafuu hapakuwa na hata moja.

Niliporudi Perpetua alikuwa ameshika simu ya chini ukumbini, kofia yake ya uuguzi kichwani, ingawa karani wa meli asingeweza kuiona. Kwa Kiingereza cha wodini, kile kinachowafanya hata madaktari waombe radhi, alikuwa akisema yeye ni sista wa hospitali na anataka, sasa hivi, taarifa za mgonjwa Sefu aliyeteremshwa Brazil. Siyo kesho. Siyo kwa barua. Sasa hivi. Khaloo alikuwa ameshika nguzo ya ngazi kwa mikono yote miwili. Tulisikia karatasi zikichakurwa ndani ya simu. Sijawahi kuogopa karatasi kiasi kile. "Santos," Perpetua akasema kwetu, mkono juu ya simu. "Kavunjika mguu melini. Yuko hospitali, anaendelea vizuri. Watamrudisha na meli nyingine akiweza kusimama." Mama mwenye nyumba, ambaye hakuelewa hata neno, akaanza kulia kwa kutusaidia. Nilimuuliza Perpetua baadaye kama haogopi kusema uongo. "Uongo upi? Mimi ni sista, na nimetoka hospitali." Khaloo yeye aliketi kwenye ngazi, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Ole wangu, nimeacha kazi."

Hotelini walimrudishia pasi yake ya mashuka, tiketi ikarudishwa kwa hasara, bangili hazikurudi. Baba Sefu alirudi miti ilipoanza kutoa majani, kakonda, ana mkongojo, na mguu ambao tangu siku hiyo ulitutabiria mvua. Msumbiji meli haikutia hata nanga, na mamake alifariki miaka miwili baadaye bila kumwona. Siku aliyofika, Khaloo alipika wali wa nazi na kuku wa kupaka, akamwita Perpetua, na tukala wanne tumebanana upande wangu wa pazia, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na jiko la mafuta. Tulipomaliza, Khaloo akaweka kijiko mbele ya mumewe.

"Umeniua kwa hiki, bwana. Kwa nini hukuandika?"

"Yule kijana niliyempa alikuwa na maneno yote. Mguu, hospitali, meli, salamu. Kijiko kilikuwa zawadi tu, mke wangu. Msafiri atamletea mkewe nini?"

"Na kwa nini hiki?"

Baba Sefu akakichukua, akakisogeza kwenye taa, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo sijaisahau. "Nilikuwa nimelala, mguu umening'inizwa juu kama wa mbuzi buchani. Akapita mtu na sinia la vijiko, vipo vya vipepeo, vipo vya mawe ya zambarau, vizuri kuliko hiki. Nikakiona hiki kimekaa peke yake. Nikasema, hiki ndicho cha Raya. Kina karafuu."

Khaloo akafunika mdomo kwa kanga. Mimi, nakiri, nilijisikia raha ambayo sikustahili. Perpetua akaweka kikombe chake chini, akatutazama mmoja mmoja, Baba Sefu, Khaloo, kisha mimi, akasema:

"Kahawa yetu mmeinywa tangu enzi za mababu zenu, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuuliza mti wake ukoje."